Mchezo unaandaa sheda upya kila siku na prosesa inafika nyuzi 98: nianzie wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel Core i5-12450H, kadi ya michoro ya RTX 3050, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Kila ninapofungua mchezo wangu, na si mara ya kwanza tu, unaniletea ule mstari wa kuandaa sheda, unaanzia asilimia sifuri na kuchukua kama dakika 25. Feni hupiga kelele hadi mama anauliza kuna nini chumbani, na programu ya kupima joto huonyesha prosesa ikiwa nyuzi 96 hadi 98. Mara mbili mchezo umejifunga wenyewe ukiwa umefika asilimia 70 na kitu. Nikishaingia ndani joto hushuka hadi 78 au 80 na mchezo unakwenda vizuri. Mwezi huu nimeweka draiva mpya mara tatu, na nimeweka programu ya kusafisha kompyuta inayojiendesha kila nikiwasha mashine, lakini hali ni ileile. Fundi mmoja hapa Temeke amesema prosesa inaungua, ninunue mashine nyingine. Mwingine amesema niweke Windows upya. Diski C imebakiwa na GB 7. Nifanye nini kabla sijatoa hela?"

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa hela, na umefanya vizuri zaidi kuniandikia namba badala ya kuniambia tu kwamba mashine inachemka. Katika barua yako kuna matatizo mawili ambayo umeyafunga kwa kamba moja. La kwanza ni kwamba kazi iliyokwisha kufanyika jana inapotea, hivyo leo inafanywa tena. La pili ni kwamba kazi hiyo inapofanyika, prosesa inapata joto kubwa. Mafundi wote wawili wameshika hilo la pili kwa sababu ndilo linaloonekana na kusikika. Mimi ningeanza na la kwanza, kwa kuwa prosesa inayofika nyuzi 96 kwa dakika 25 mara moja kila baada ya wiki kadhaa haina shida ya kukunyima usingizi, ila ikifika hapo kila jioni mwaka mzima, feni, betri na masikio ya mama yatalipa.

Tuelewane kwanza sheda ni kitu gani. Ni programu ndogo inayoiambia kadi ya michoro namna ya kupaka rangi kitu fulani: mwanga ukipiga kwenye maji ung'ae vipi, ngozi ya uso iwe laini kiasi gani, kivuli cha mti kiangukie wapi. Mchezo mkubwa wa siku hizi huwa na maelfu mengi ya sheda hizi, na waliouunda huzisambaza zikiwa katika lugha ya kati ambayo kadi yako haiwezi kuitekeleza moja kwa moja. Lazima draiva, yaani programu inayoiunganisha Windows na kadi, izitafsiri ziwe amri za kadi hiyo hasa uliyonayo, kwa sababu amri za RTX 3050 si amri za kadi ya AMD wala za kadi ya NVIDIA ya kizazi kingine. Tafsiri hiyo ndiyo watu wanayoiita kukompaili sheda, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba haifanywi na kadi ya michoro. Inafanywa na prosesa. Ndiyo maana wakati mstari ule unasonga kadi yako imekaa kimya na prosesa iko asilimia 100.

Mwenye PlayStation 5 haoni mstari huo kwa sababu mashine zote za aina hiyo zina kadi ya muundo mmoja, kwa hiyo kampuni hutafsiri sheda mara moja kiwandani na kukupa zikiwa tayari. Upande wa kompyuta hakuna anayejua una kadi gani na draiva ya toleo gani, hivyo kazi inaachwa ifanyikie nyumbani kwako. Zamani draiva ilifanya tafsiri kidogokidogo, nyingine kwa kificho wakati unacheza. Ujio wa DirectX 12 mwaka 2015 na Vulkan mwaka 2016, njia ambazo michezo hutumia kuzungumza na kadi ya michoro, ulihamishia sehemu kubwa ya jukumu hilo kwa waundaji wa michezo, nao wakagundua kwamba sheda isipoandaliwa mapema mchezo hukwama kwa nukta moja kila mlipuko mpya unapotokea au kila mlango mpya unapofunguliwa. Kwa hiyo wakaanza kuziandaa zote kabla ya menyu. The Last of Us Part I ilipotoka kwenye kompyuta tarehe 28 Machi 2023, watu walilalamika duniani kote kwamba mstari wa sheda ulichukua muda mrefu mno, wengine zaidi ya saa nzima, huku prosesa zikichemka. Hauko peke yako, na mashine yako haina laana.

Sasa, kazi hii ikiisha, matokeo yake huandikwa kwenye diski, mahali panapoitwa kashe. Kesho yake mchezo unapofunguka, draiva huangalia kama tafsiri ipo na kama bado inafaa. Kufaa maana yake ni kwamba kadi ni ileile, draiva ni toleo lilelile, na mchezo haujapata mabadiliko yanayogusa sheda. Kimoja kikibadilika, tafsiri ya zamani haiaminiki tena na kazi inaanza upya. Hilo ni sahihi kabisa. Fikiria fundi cherehani: akishachukua vipimo vyako anaviweka daftarini, na wiki ijayo hahitaji kukupima tena, ila ukinenepa lazima akupime upya, na daftari likipotea lazima akupime upya hata kama hukunenepa. Swali lako, kwa hiyo, ni moja tu: daftari linapotelea wapi?

Nikisoma barua yako naona mikono minne inayoweza kuwa inalichukua, na miwili ni yako mwenyewe.

Mkono wa kwanza, na ndio ninaoushuku kuliko yote, ni ile programu ya kusafisha. Programu za namna hii hujisifu kwa idadi ya megabaiti zilizofuta, na kashe ya sheda huwa ni mnofu mzuri kwao: mafaili makubwa, yenye majina marefu ya herufi na tarakimu zisizosomeka, yaliyokaa kwenye folda ambayo mtumiaji haitembelei. Unawasha mashine asubuhi, inafuta. Unafungua mchezo jioni, prosesa inajenga. Kesho inafuta tena. Uliiweka ili kuponya ugonjwa, na huenda ndiyo inayoulisha. Nakusihi uiondoe kabisa, si kuizima tu, kwa kuwa baadhi hujiwasha zenyewe baada ya kujisasisha. Hata Windows yenyewe, katika ukurasa wake wa kufuta mafaili ya muda, ina kisanduku kilichoandikwa "DirectX Shader Cache"; unapopunguza mafaili hapo hakikisha hakina tiki.

Mkono wa pili ni draiva tatu kwa mwezi mmoja. Naelewa kilichokusukuma, maana kila anayeulizwa swali la kompyuta hujibu kwanza "sasisha draiva." Lakini umeshaona kwamba kila draiva mpya huifuta thamani ya tafsiri zilizopita za michezo yako yote, si huo mmoja. Mchezo ukienda vizuri, kaa na draiva uliyonayo. Badilisha pale tu unapokuwa na sababu yenye jina: mchezo mpya unaoikataa ya sasa, hitilafu inayotajwa waziwazi kwamba imerekebishwa, au tangazo la usalama. Na hapa kwetu, ambako faili la draiva la mamia ya megabaiti linakula bando, ushauri huu ni wa mfuko pia.

Mkono wa tatu ni diski. GB 7 kwenye diski C huonekana kama nafasi, lakini tazama kinachotokea. RAM yako ni GB 8, Windows na kivinjari vimeshachukua sehemu yake, na kutafsiri sheda kwa viini vyote vya prosesa (sehemu zake ambazo kila moja hufanya kazi yake) kwa pamoja kunahitaji kumbukumbu nyingi, maana kila kiini kina kipande chake cha kazi mkononi. RAM ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye faili lake la akiba lililo kwenye diski ileile C, na faili hilo hutanuka. Kwa hiyo katika dakika zile 25 zile GB 7 zinaweza kushuka sana bila wewe kuona, na draiva inapotaka kuandika kashe haina pa kuandikia. Mchezo ukishafungwa, nafasi inarudi, nawe ukiangalia unaona GB 7 zako zipo palepale. Nimewahi kukaa na kijana mmoja tukifungua dirisha la diski na mchezo kwa wakati mmoja, tukaona rangi ya buluu ikigeuka nyekundu mstari ulipofika nusu. Tangu hapo nikiulizwa kuhusu sheda nauliza diski kwanza. Acha angalau GB 30 wazi. Hamisha video na picha kwenye diski ya nje, ondoa mchezo ambao hujaugusa tangu mwaka jana.

Mkono wa nne ni kule kujifunga ukiwa asilimia 70. Michezo haifanani: mingine huhifadhi tafsiri kidogokidogo kadiri inavyokwenda, mingine huhesabu kazi kuwa imekamilika pale tu mstari unapofika mwisho. Kama wako ni wa aina ya pili, kila ukijifunga katikati, au umeme ukikatika kwa mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), au wewe mwenyewe ukichoka na kuufunga, unarudi sifuri. Na kujifunga huko kunaweza kutokana na RAM kuisha au, mara chache zaidi, na joto. Hapo ndipo matatizo yako mawili yanaposhikana mikono kweli.

Usiniamini kwa maneno, pima. Washa mchezo, uache mstari ufike asilimia 100, ingia ndani dakika tano, kisha utoke kwa njia ya kawaida kupitia menyu. Fungua folda ya AppData ya jina lako, ingia LocalLow, kisha NVIDIA, kisha PerDriverVersion, utakuta DXCache. Draiva za zamani kidogo huiweka upande wa Local badala ya LocalLow. Bonyeza kitufe cha kulia, angalia sifa zake, andika ukubwa kwenye karatasi. Zima mashine, iwashe, na kabla hujafungua chochote rudi palepale uangalie tena. Ukubwa ukiwa umeporomoka, kuna kinachofuta, na umeshamjua mshukiwa. Ukubwa ukiwa uleule lakini mchezo bado unaanza sifuri, basi huenda mchezo una kashe yake binafsi ndani ya folda yake, au ni ule mtindo wa baadhi ya michezo wa kupita kwenye sheda zote kila unapofunguka ili kuhakiki. Uhakiki huo huonyesha mstari uleule, ila huchukua sekunde chache au dakika moja mbili. Mtu akiniambia mstari unatokea kila siku naye akawa anasubiri sekunde 40, humwambia hana tatizo. Wewe unasubiri dakika 25, kwa hiyo unalo.

Ukiwa bado humo, fungua paneli ya NVIDIA, sehemu ya mipangilio ya 3D, utafute "Shader Cache Size". Hakikisha haijazimwa. Kwa diski yako ningechagua GB 10. Kiwango cha kawaida cha draiva humtosha mtu mwenye mchezo mmoja au miwili, lakini mwenye michezo mingi kinaweza kujaa na cha zamani kikatupwa kupisha kipya. Ukiwahi kusoma mahali kwamba kuzima kashe kunaongeza kasi, sahau. Ilikuwa na maana ndogo enzi za diski za kuzunguka, na kwa michezo ya leo ni kujikata mguu.

Sasa tuje kwenye joto. Wengi hushangaa kwamba prosesa inapata joto zaidi kwenye mstari wa sheda kuliko kwenye mchezo wenyewe, kama unavyoona wewe: 98 dhidi ya 78. Sababu ni kwamba mchezo, hata mzito, hautumii viini vyote kwa ukamilifu. Prosesa huandaa fremu, yaani picha moja kati ya zile zinazopita mfululizo kwenye kioo, huikabidhi kwa kadi ya michoro, kisha husubiri, na katika kusubiri huko inapumua. Kutafsiri sheda hakuna kusubiri. Viini vyako vinane, vinne vya nguvu na vinne vidogo, vyote vinapewa kazi, kila kimoja kikimaliza kinachukua nyingine, na prosesa inajisukuma hadi mwendo wake wa juu. Intel imeipa i5-12450H wati 45 kama nguvu ya msingi, lakini inairuhusu kupanda hadi wati 95 kwa muda, kwa kadiri mtengenezaji wa mashine alivyoruhusu. Wati hizo zinatoka kwenye kipande cha silikoni kidogo kuliko stempu, na zinapaswa kupita kwenye mabomba membamba ya shaba hadi kwenye mapezi ambayo feni inayapuliza. Kupanda mwendo kunadai pia volteji zaidi, na joto huongezeka kwa mraba wa volteji. Ndiyo maana asilimia chache za mwisho za kasi hugharimu joto lisilolingana nazo.

Je, nyuzi 98 zinaunguza prosesa? Hapana, na hapa fundi wa kwanza amekosea. Prosesa hii imewekewa kikomo cha nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia mwendo yenyewe, mara mamia kwa dakika ikibidi, na ikishindwa kabisa kujipoza huzima mashine kabla haijadhurika. AMD nao walieleza wazi walipotoa Ryzen 7000 za mezani mwaka 2022 kwamba nyuzi 95 ni mahali ambapo prosesa hizo zimeundwa kufanyia kazi zikibanwa. Kwa hiyo namba yenyewe haikuambii kwamba kitu kimeharibika. Nisikudanganye lakini: kukaa hapo kila siku huchosha vitu vinavyoizunguka prosesa. Feni zina beringi, betri haipendi joto, na ile pesti ya kijivu iliyopakwa kati ya prosesa na bamba la shaba hukauka na kusukumwa pembeni kwa kule kupata joto na kupoa, kupata joto na kupoa.

Jambo jingine ni mahali unapoishi. Feni haiwezi kuipoza mashine kuliko hewa inayoivuta. Chumba cha Arusha usiku wa Julai kinaweza kuwa na nyuzi 18, na chako Temeke mchana wa Februari kina 32 au zaidi. Kwa mashine ileile, kazi ileile na feni ikizunguka vilevile, tofauti hiyo ya nyuzi 14 huonekana karibu yote kwenye prosesa, mpaka inapogonga kikomo. Video ya mtu aliyepimia mashine kama yako kwenye chumba chenye kiyoyozi huko Ulaya isikuvunje moyo. Iinue mashine yako upande wa nyuma kwa vipande viwili vya mbao vya sentimita mbili au tatu, iweke juu ya meza ngumu, na usiitumie kitandani kamwe, maana shuka huziba matundu ya chini na feni inabaki kuvuta kitambaa. Ukiwa na feni ya mezani, ielekeze pembeni mwa mashine, ipeperushe ile hewa ya moto inayotoka kabla haijazunguka na kuvutwa tena. Hilo la mwisho ni la bure na watu hulidharau.

Kama unataka kupunguza joto la dakika zile zenyewe, kuna njia nzuri na njia za kubahatisha. Njia nzuri ni kuishusha nguvu ya prosesa kwa makusudi wakati wa kuandaa sheda tu. Mashine nyingi za michezo huja na programu ya mtengenezaji yenye hali ya kimya, ya kati na ya nguvu. Chagua ya kimya, subiri mstari uishe, kisha rudi kwenye ya nguvu ucheze. Isipokuwepo, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kwenye kiwango cha juu cha prosesa, ubadilishe 100 iwe 99. Asilimia moja inaonekana si kitu, lakini inaizuia prosesa isipande juu ya mwendo wake wa msingi, ambao kwa viini vyako vikubwa ni GHz 2.0 badala ya 4.4. Joto litaporomoka, na dakika 25 zitakuwa nyingi zaidi, pengine 40. Washa mstari, nenda ukale. Mashine nyingine mpya huficha mpangilio huo. Usihangaike na maagizo ya kuufichua unayokutana nayo mitandaoni, tumia programu ya mtengenezaji. Na usifanye kazi hii kwa betri ukidhani unaiokoa mashine, maana ikiisha katikati utarudi kulekule.

Kupunguza volteji, ambako vijana wengi hukusifu, kwa prosesa ya daraja lako mara nyingi hakuwezekani. Mwishoni mwa mwaka 2019 lilitangazwa tundu la usalama lililopitia njia hiyohiyo ya kubadili volteji za Intel, na tangu hapo watengenezaji wengi wa kompyuta mpakato wameifunga. Kuweka kikomo cha fremu ni jambo jema unapocheza, na hasa kwenye menyu, lakini hakugusi mstari wa sheda hata kidogo, kwa sababu pale hakuna fremu nzito inayochorwa. Kuna pia wanaoruka mstari ule kwa kubonyeza kuendelea pale mchezo unaporuhusu. Kazi haikwepeki: sheda zitatafsiriwa ukiwa ndani, nawe utakwama katikati ya vita kila kitu kipya kikitokea.

Kuhusu RAM nitakuwa mfupi. Ukipata hela, kabla ya mashine mpya, kabla ya kinara cha feni chenye taa za rangi, ongeza kijiti kimoja ufikishe GB 16. Michezo mikubwa inayotoka sasa huandika GB 16 kama kiwango cha chini, na nadhani kule kujifunga asilimia 70 kutaisha hapo. Fungua kifuniko kwanza, au umwombe fundi akifungue ukiangalia, ujue kama nafasi ya pili ipo na ni ya aina gani, ndipo uende dukani.

Kuweka Windows upya, kama alivyoshauri fundi wa pili, huenda kungekuletea nafuu ya wiki moja, kwa sababu kungefuta programu ya kusafisha na kuipa diski nafasi. Fundi angesifiwa, nawe ungerudisha programu ileile na picha zilezile, na mstari ungerudi. Fanya hayo mawili bila kufuta chochote kingine.

Umenikumbusha jambo moja ambalo halikuhusu wewe lakini huenda linamhusu jirani yako. Mwenye kompyuta ya mezani yenye Intel Core ya kizazi cha 13 au 14, zile za wati 65 kwenda juu, akiona mchezo unajifunga hasa wakati wa sheda, tena kwa ujumbe unaodai kumbukumbu ya video imekwisha ilhali kadi ina nafasi tele, asilaumu joto wala kadi. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa hizo ziliweza kudai volteji ya juu kupita kiasi na kuchakaa taratibu, na kutafsiri sheda ni mojawapo ya kazi zinazofichua uchakavu huo mapema. Walitoa marekebisho yanayowekwa kupitia BIOS (programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows), na wakaongeza miaka miwili kwenye dhamana. Marekebisho huzuia uchakavu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuchakaa, hiyo inabadilishwa. Yako ni ya kizazi cha 12 na ya kompyuta mpakato, haimo katika habari hii.

Sasa, lini umpelekee fundi mashine mkononi? Kama imefikisha miaka miwili bila kufunguliwa, mpelekee hata ikiwa haina tatizo. Mashine za pwani hukusanya vumbi lenye unyevu na chumvi, ambalo halitoki kwa kupuliza kwa mdomo. Niliwahi kufungua moja iliyotumika karibu na ufuo, na kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na kitambaa kizima cha kijivu, kimekazana kama pamba ya godoro, nikakinyofoa kwa kibanio kikatoka kipande kimoja. Feni ilikuwa inazunguka vizuri muda wote, hewa ndiyo haikuwa na pa kupitia. Mwambie fundi ashikilie feni kwa kidole au kijiti anapopuliza, isizunguke ovyo ikaumia. Usikubali mashine ipelekwe kwenye pampu ya kujazia upepo matairi, kwa sababu hewa ile hutoka na maji na mafuta. Akibadilisha pesti, kaa palepale uone ya zamani ikifutwa yote kabla mpya haijapakwa, na kama dhamana haijaisha anza kwa aliyekuuzia.

Kuna dalili nyingine ambazo hazingoji majaribio ya folda. Mashine ikizima ghafla kama iliyong'olewa waya, ikisoma nyuzi 80 ukiwa hujafungua chochote, au ikiruka hadi 100 ndani ya sekunde mbili tatu tangu kazi ianze, bamba la shaba huenda halijakaa vizuri juu ya prosesa au feni moja imekufa. Na ukiona sehemu ya kugusia imeinuka, au kifuniko cha chini hakikai sawa mezani, zima, chomoa chaja, usiiwashe tena: hiyo ni betri inayovimba, na haihusiani na mchezo wowote.

Kwako naona hata moja kati ya hizo haipo. Leo ondoa ile programu, safisha diski hadi GB 30, acha draiva uliyonayo, iweke mashine kwenye hali ya kimya na uache mstari umalizike mara moja tu bila kuguswa. Andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza, na ukubwa wa DXCache. Kesho fungua tena. Saa ikisoma dakika moja au mbili, umeshaivunja hoja ya fundi wa kwanza ya kununua mashine nyingine. Ikisoma 25, niandikie ukinitajia namba zote mbili za folda na jina la mchezo, maana hapo kinachofuta ni kitu ambacho hukunitajia.